Picha ya makabidhiano tumeiona, sasa tumeni mwandishi miezi sita baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama hii itakuwa ndefu punguzeni mnapoona panafaa ila ile sehemu ya mto msiiguse, mtaona mkifika.

Kila ikifika Desemba gazeti lenu linajaa picha za aina moja, na siwasemi nyie tu, ni magazeti yote. Tarehe 3 ni siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, ipo tangu 1992, halafu tarehe 5 ni siku ya wanaojitolea ambayo Umoja wa Mataifa waliipitisha 1985, sasa kwa vile zimekaribiana hivyo vikundi kama chetu vinazimaliza zote kwa safari moja. Picha yenyewe mnaijua. Benna nyuma, watu wamevaa fulana za kufanana, katikati kuna mtu amekaa kwenye wilichea mpya yenye naironi bado kwenye vishikio, na wafadhili wameinama kidogo wamekishika kiti kama vile kinataka kukimbia.

Mi nimo kwenye picha moja ya hivyo, mliitoa nyie wenyewe. Wa tatu kutoka kushoto, meno yote nje. Leo ndo nataka kuielezea.

Kikundi chetu ni watu kumi na wawili, hatuna ofisi, tuna daftari na grupu la kwenye simu. Mi ndo mweka hazina, kazi ambayo kiukweli ni kuwakumbusha watu ahadi zao mpaka wakuchukie. Tulichanga miezi minne tukapata viti vitatu. Na hapa niseme kitu ambacho hakikuandikwa chini ya ile picha: hakuna hata mtu mmoja aliyepimwa. Tulimuuliza muuzaji unavyo vya saizi gani, akasema vipo hivi, tukasema poa, pakia. Kati ya watatu tuliowapelekea mmoja alikuwa mtoto wa miaka tisa, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, anaishi na bibi yake. Tukampa kiti cha mtu mzima. Kwenye picha huwezi kujua maana tulimfunika shuka mapajani, na miguu yake ilikuwa haifiki kwenye vile vibao vya kukanyagia kwa hiyo mpiga picha akasema atakata pale juu kidogo. Bibi alitushukuru mpaka tukaona aibu, tukaondoka.

Kurudi tulirudi kwa bahati tu. Ilishapita miezi mitano, mwenzetu mmoja alikuwa na shughuli zake upande ule nikasema ngoja nimsindikize. Tukakuta kiti kimekunjwa kimeegemezwa ukutani, juu yake zimeanikwa nguo. Mtoto yuko chini. Nikauliza, tena kwa sauti ambayo mpaka leo naijutia, "Bibi, mbona kiti hakitumiki?"

Bibi hakujibu. Akasema, "Mwanangu, hebu njoo," akamgeuza mtoto ubavu.

Pale kwenye mfupa wa kukalia palikuwa na kidonda. Upana wake kama kizibo cha chupa, ila kilikuwa kimeingia ndani sana, pembeni nyama imegeuka nyeusi. Mtoto hakuwa anaangalia kidonda, alikuwa ananiangalia mimi usoni aone nitafanyaje. Halafu akanitoa wasiwasi. "Hakiumi," akasema.

Hakiumi! Sasa si ndo tatizo lenyewe. Wewe unayesoma hapo ulipo umeshajisogeza mara kadhaa tangu uanze hii barua na wala hujajua, makalio yanauma kidogo unahama, basi. Asiye na hisia hahami. Mfupa unaibana nyama, damu haipiti, nyama inakufa, na inaweza kuanza kwa saa chache tu. Kiti kikiwa kipana kuliko mwili mtoto analalia upande mmoja, uzito wote unaangukia mfupa mmoja, na kile cha kwetu kilikuwa ni kitambaa tu kimefungwa kwenye vyuma, ambacho kufikia mwezi wa pili kimelegea katikati kama machela.

Na mtu asije akaniambia ni mambo ya umaskini au uchafu. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Marekani aliyepooza baada ya kuanguka kwenye farasi 1995, alifariki 2004 akiwa anatibiwa kidonda cha aina hiyohiyo kilichopata maambukizi, na yeye alikuwa na watu wa kumwangalia usiku na mchana. Sisi tulimwachia bibi mmoja na fulana mbili za ziada.

Sasa mto. Mto ninaousema sio wa kitandani. Ni wa kukalia, sponji ngumu chini na laini juu, nyuma imechongwa kishimo ili mifupa ya makalio izame na mapaja yabebe uzito. Kuna namna ya kuupima ambayo nilifundishwa na dada mmoja mtaalamu wa viungo, na sijawahi kuisahau: unamwambia mtu unataka kufanya nini, anakubali, unapitisha ncha za vidole vyako chini ya mfupa wake wa kukalia akiwa amekaa, mkono kiganja juu. Kama vidole vinacheza juu chini kidogo, hata nusu sentimita, mto unafaa. Kama vinaingia ila havichezi, ni onyo. Kama vimebanwa kabisa basi huo mto ni hatari, toa. Siku ile tulipokirudisha kile kiti cha picha nikajaribu kwangu mwenyewe, nikakikalia nikaweka mkono. Vidole vilibanwa nikavivuta kwa shida. Ndani ya zile fulana zote siku ile hakukuwa na kidole hata kimoja kilichojaribu hicho kitu, na hakina gharama yoyote.

Pamoja na mto kuna kuinama. Mtu anafundishwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 ainame mbele kifua kiende magotini au alalie upande mmoja kisha mwingine, kama ni mtoto anakumbushwa. Bibi hakuambiwa na sisi wenyewe tulikuwa hatujui, sasa angeambiwa na nani.

Mtoto alipelekwa kliniki, akalazimika kulala kifudifudi wiki nyingi, shule akaikosa. Alipona. Naliandika hilo haraka kwa sababu sitaki barua hii iwe ya kuliza watu.

Baada ya hapo tukaanza kusoma, kwa kuchelewa lakini tukasoma. Shirika la Afya Duniani (WHO) walishatoa mwongozo wa viti vya magurudumu tangu 2008, wakatoa mwingine 2023. Ule wa 2008 una hatua nane: kumpokea mtu, kumpima, kuamua na kuandika anahitaji kiti cha namna gani, kutafuta pesa na kuagiza, kukiandaa kiti, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha yeye na anayemtunza, halafu matengenezo na kumfuatilia. Nikazipitia na daftari langu la hazina pembeni. Sisi tulifanya ya nne. Ya nne peke yake, pamoja na kupiga picha ambayo haimo kabisa kwenye orodha yao.

Hata kiti chenyewe kina historia ambayo ingetufumbua macho. Kile cha kukunja chenye vyuma vilivyopishana kama herufi X chini kilitengenezwa Marekani 1933 na Herbert Everest na Harry Jennings. Everest aliumia mgongo mgodini, alitaka kiti kitakachoingia ndani ya gari, na kwa hilo ni kizuri sana, kwenye sakafu nyororo na gari mlangoni hakina mpinzani. Ila yale magurudumu madogo ya mbele kwenye mchanga yanazama, likikutana na jiwe linagoma na mtu anarushwa mbele. Kuna Mmarekani mwingine, Ralf Hotchkiss, alipooza kwa ajali ya pikipiki 1966, yeye miaka mingi amebuni viti vya njia mbovu pamoja na watumiaji wenyewe, magurudumu ya mbele mapana, kiti kirefu kidogo kwenda mbele, sio kwenda juu, ili kisipinduke, na vipuri unavyoweza kuvipata kwa watu wa baiskeli. Tofauti ni kwamba yeye anakalia anachokitengeneza.

WHO wanakadiria watu kama milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35 kutegemea nchi. Najua mtu atalichukua hilo anipige nalo, kwamba uhitaji wote huo halafu wewe unalalamikia saizi. Mwenzetu mmoja kwenye kikundi aliniambia hivyohivyo, bora kitu kuliko kutokuwa na kitu, akanuna wiki mbili. Namwelewa. Kwa mtu mwenye nguvu zake za mikono na hisia zake zote, kiti kisichomkaa vizuri kitamsumbua lakini kitamtoa nje. Kwa yule mtoto kutokuwa na kitu ilikuwa bora mara mia, chini pale alikuwa anatambaa na ngozi yake nzima.

Na si viti tu. 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, walikusanya hesabu za nchi kama 20 za Afrika kusini mwa Sahara, wakakuta asilimia 36 ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Kila moja ya hizo ilizinduliwa, nina hakika kuna mtu alikata utepe na mtu akapiga picha ya maji ya kwanza. Kilichokosekana mara nyingi ni kidude kidogo kama washa, yaani kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, na mtu wa kukibadilisha.

Sasa hivi tunafanya hivi. Tulikuwa tunatoa viti vitatu kwa mwaka, tumeshuka mpaka kimoja, na pesa inayobaki inaenda kwenye kurudi. Fundi baiskeli mmoja amejiunga nasi, yeye hachangi hela anachanga mikono, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anakuja na spana zake, pachi, grisi, pampu na tyubu mbili. Tunazungukia watu tisa. Kazi ni ndogondogo tu, spoku imelegea, breki ya kushoto haishiki, beringi za mbele zimeingia mchanga zinalia, mto umelowa unahitaji gamba jipya. Robo saa, nusu saa, kiti kinarudi barabarani. Yule mtoto sasa ana kiti cha kwake kilichopimwa, na anatupigia kelele tukichelewa.

Shida ni kupata hela ya kurudi. Hela ya kiti kipya inapatikana, watu wana roho nzuri na sitanii. Ila jaribu kumwomba mtu achangie beringi! Kampuni moja ambayo sitaitaja tuliwaandikia barua tukaomba vipuri vya mwaka mzima, hela ambayo haifiki hata nusu ya kiti kimoja, afisa wao akatujibu kwa heshima zote kwamba wangependa kusaidia lakini "hiyo ya vipuri haina tukio". Haina tukio. Maana yake hakuna mahali pa kuweka benna. Siku ile nilikasirika, siku hizi nacheka, ingawa beringi bado nanunua kwa michango ya watu kumi na wawili.

Na hapo ndo mnapoingia nyie, Mhariri. Sisemi msitoe zile picha. Ningekuwa mnafiki, maana ile picha ya meno yangu ndiyo iliyotuletea wanachama wawili na fundi mwenyewe alituona humo. Ninachoomba ni kwamba mkishatoa picha ya makabidhiano muandike tarehe yake mahali, kwenye kalenda ya chumba cha habari, halafu Juni mtume mtu. Msiwapigie simu waliotoa, sisi tutawaambia kila kitu ni kizuri. Mwende kwa aliyepewa, muulize kiti kiko wapi, nani anakikalia, kikiharibika anamwita nani, na kama yeye hataki kupigwa picha msimpige. Mkikuta nguo zimeanikwa juu yake andikeni hivyohivyo, na mkikuta ni cha kikundi chetu tajeni jina letu. Wafadhili wakijua kuna ukurasa wa Juni, hata yule afisa ataona kumbe vipuri navyo vina tukio.

Kama mtahitaji pa kuanzia, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaanza kwa yule bibi asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Mwandishi avae viatu anavyoweza kuvichafua, na kamera akae nayo kwenye begi mpaka tumalize maana fundi wetu akishapaka grisi huwa anaomba mtu amshikie gurudumu.

Ni mimi,
Mweka hazina, kikundi cha watu kumi na wawili