Huku waumini ndo wanatafuta padri wao

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Mi Mwanglikana wa Muheza ila sasa naishi kamji kadogo Vermont, Marekani, kanisa letu huku linaitwa Episkopali, ni ndugu zetu walewale ila walijipanga kivyao mwaka 1789 baada ya kuachana na Mwingereza. Jumapili tunakuwa kama thelathini tu, wazee wengi, ibada ikiisha ni kahawa na keki ukumbini na umbea wote uko hapo jamani.

Sasa padri akistaafu askofu hashushi tu mtu, baraza la waumini linatafuta, linafanya intavyu, linachagua, askofu anaridhia. Padri wetu ni mama, huku wanawake waliruhusiwa upadri 1976. Nyumbani sie tulikuwa tunasikia tangazo tu, padri kahamishwa. Kwa nini tusiulizwe hata kidogo?

Msomaji wenu, Vermont