Barua kwa Mama Zulfa: ile programu ya huduma ya kwanza kwa watoto

Mbagala,
Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Zulfa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Natumaini Tanga hamjambo, na kwamba wameshakutoa zamu ya usiku pale wodini.

Uliniuliza ile programu ya simu ya huduma ya kwanza kwa watoto imefikia wapi. Imefikia mahali inapokuhitaji wewe kuliko mimi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, ili usome kwa nafasi na unikosoe bila kunionea haya.

Nianze na ubishi. Mwenzangu ninayeitengeneza naye anataka mtu akiifungua ajisajili kwanza: jina, namba ya simu, umri wa mtoto. Eti wafadhili watataka kujua watumiaji ni wangapi. Nimekataa katakata. Mama ambaye mwanawe amekwamwa na karanga hana mkono wa kuandika namba ya siri. Tena taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na njia rahisi ya kuzilinda ni kutozichukua kabisa. Alipoona hilo halipiti akaleta la matangazo. Hebu fikiria, mtoto anageuka rangi ya midomo, mama anasubiri tangazo la kubeti liishe! Nalo nimelitupa.

Kwa hiyo ukiifungua unakuta picha kubwa tano tu: koo, moto, degedege, sumu na mtoto asiyepumua. Ukigusa moja, simu inaanza kuongea. Sauti zote zimo ndani, haili bando, na inaingia hata kwenye zile simu janja za bei ya chini. Aliye nayo anaweza kumrushia jirani kwa Bluetooth.

Juzi nilimjaribisha msusi wa hapa mtaani. Nikampa mwanasesere, nikamwambia huyu ana miezi minane, kitu kimemkwama kooni. Vidole vimejaa mafuta ya nywele, akagusa picha kwa kifundo cha kidole, ikakubali. Kisha akaitupa simu mkekani ili apate mikono yote miwili, spika ikalala chini, sauti ikazama. Siku hiyohiyo tukabadilisha: sasa simu inajipandisha sauti yenyewe hadi mwisho, na kila hatua inajirudia mpaka mtu aguse skrini. Swali la kwanza ni moja: analia au anakohoa kwa sauti? Akikohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Asipotoa sauti, alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kiwe chini kuliko mwili, apigwe mara tano kati ya mabega, kisha ageuzwe na kubonyezwa kifua mara tano. Sauti inahesabu pamoja na mama. Aliyetimiza mwaka anabonyezwa tumbo, juu ya kitovu, badala ya kifua. Na kidole kisiingizwe kusaka kitu kisichoonekana, maana kinaweza kukisukuma ndani zaidi. Msusi alipomaliza alikuwa anatoka jasho kweli, akaniuliza, "Amepona?"

Nusu ya kazi hii, shoga, ni kukataza. Aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda asitapishwe wala asipewe maziwa, maana yakirudi yanaingia mapafuni. Aliyeungua asipakwe dawa ya meno, yai wala unga. Hapo kwenye moto ndipo ninapokuhitaji hasa. Mwongozo unasema maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwamba yanasaidia hata kama zimepita saa mbili tatu. Sawa, lakini huku kwetu bomba linatoka kwa zamu, maji yako kwenye madumu. Nimeandika mama amwagie polepole kwa kikombe juu ya beseni, asitumie barafu, na sehemu nyingine za mwili azifunike mtoto asipate baridi. Wewe unaowapokea wodini, niambie kama hilo linatekelezeka au nimeandika ndoto.

Kwenye degedege nimeweka saa. Ukigusa picha tu, inaanza kuhesabu huku sauti ikisema: mlaze ubavu, ondoa vitu vilivyo karibu naye, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Zikifika dakika tano bado anatikisika, inapiga kelele mama aondoke naye sasa hivi kwenda hospitali. Na hata ikikoma mapema, inamwambia aende akapimwe malaria. Akifika kwenu anakuonyesha muda ulioandikwa. Si ulikuwa unalalamika kwamba ukiwauliza ilichukua muda gani, wote wanakujibu "muda mrefu sana"?

Kwa mtoto asiyepumua wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Miongozo ya Ulaya inaanza na pumzi tano kabla ya kubonyeza kifua, kwa kuwa mioyo ya watoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa. Ile ya Marekani inaanza na kubonyeza. Daktari anayetusaidia amechagua pumzi tano, kisha kubonyeza mara 30 kwa pumzi 2, na mdundo wa kubonyeza tumeuweka 110 kwa dakika. Hapo kwenu mnafundishwa ipi? Sitaki mama asikie hili kwenye simu na lile kwa muuguzi. Na kwa kuwa miongozo hupitiwa upya kila baada ya miaka michache, ukurasa wa kwanza una tarehe. Ikipitwa, programu yenyewe inaomba isasishwe.

Sasa ombi. Sauti iliyomo ni ya mwenzangu, na anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Nataka yako, ile ya wodini inayomfanya mtu atii kabla hajafikiri. Maneno yote nimeyachapa, utayakuta humu pamoja na barua. Usipopapenda mahali, futa uandike unavyosema mwenyewe ukiwa kazini. Rekodi chumbani, feni ikiwa imezimwa.

Simu ya majaribio ataileta mdogo wangu Jumamosi. Wape kina mama wanaosubiri kliniki waichezee, na uangalie tu wanagusa wapi kwanza, usiwaelekeze. Zulfa asiione, ataijaza magemu.

Msalimie Baba Zulfa.

Ni mimi shoga yako,
Mama Nasri