Maisha ya watunzi yaanze na wimbo, si na tarehe ya kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Krismasi na Pasaka zikikaribia, kurasa zenu za Jumapili hutuletea makala ya maisha ya mtunzi mmoja wa muziki wa Ulaya: Handel, Mozart, mara mojamoja Bach. Huku Kusini mwa Tanzania wasomaji wa makala hizo wapo, pengine wengi kuliko mnavyodhani. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakafika Ndanda mwaka 1906, na kuimba sauti nne kwa nota za solfa (do, re, mi) limekuwa jambo la kawaida hata vigangoni. Unaweza kumkuta mwimbaji wa besi Newala ambaye hajawahi kuona okestra, lakini "Haleluya" ya Handel anayo kwa ghibu mwanzo hadi mwisho. Akifungua makala yenu anakutana na nini? Mtunzi alizaliwa tarehe fulani, baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji, alihamia London, alifariki tarehe fulani, alikuwa nguli. Ikifika aya ya tatu msomaji amekwisha geuza ukurasa, yuko kwenye bei ya korosho.

Sisi tunaofundisha kwaya na kuandaa vijitabu vya matamasha tunaona kwamba kosa haliko kwenye mada wala kwa msomaji. Liko kwenye mpangilio. Maisha ya mtunzi yaanze na wimbo ambao msomaji anaujua, yaendelee na kazi iliyouzaa wimbo huo: nani aliuagiza, ulitakiwa lini, waimbaji walikuwa watu wa namna gani, malipo yalikuwa nini. Utoto na ukoo vitapata nafasi baadaye, endapo vinaeleza jambo.

Chukueni "Ave verum corpus" ya Mozart. Nakala yake ina tarehe 17 Juni 1791, siku chache kabla ya sikukuu ya Ekaristi. Mozart aliutunga kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia ya Baden, mji mdogo karibu na Vienna ambako mke wake Constanze, aliyekuwa mjamzito, alikwenda kuoga maji ya tiba. Stoll alikuwa amewasaidia kumtafutia mahali pa kukaa. Wimbo una mizani (vipimo vya mapigo) 46 tu: sauti nne, vinanda vya nyuzi na ogani. Hauna sauti ya kupaa sana wala mbio za kukata pumzi, kwa sababu uliandikiwa kwaya ya parokia ya mji mdogo. Mwalimu wa kwaya wa Nyangao au Tandahimba akisoma hayo anajua papo hapo kwa nini wimbo huu unashikika kwa majaribio machache, na kwa nini ugumu wake uko kwenye kuimba taratibu bila kushuka sauti. Sasa mwambieni kwamba mtunzi alifariki tarehe 5 Desemba mwaka uleule, akiwa na miaka 35. Tarehe hiyo itamgusa, kwa sababu tayari anamfahamu mtu anayezungumziwa.

Kwa makala ya maneno 900, aya ya wimbo isizidi maneno 150, na kazi yenyewe ipewe angalau 350. Orodha ya kazi zote iachwe. Msomaji hafanyi lolote na habari kwamba mtu aliandika simfonia 104; anataka ajue aanze na ipi.

Mnapoandika juu ya kazi, andikeni kama mnavyoandika juu ya mfanyakazi yeyote. Mkataba wa Haydn na ukoo wa makabaila wa Esterházy, wa tarehe 1 Mei 1761, upo na unasomeka. Alitakiwa avae sare, soksi nyeupe na nywele za kupakwa poda, ajihudhurishe kila siku asubuhi na baada ya mchana kuuliza kama mkuu wa ukoo huo anataka muziki, na asimpe mtu mwingine nakala ya alichotunga. Mshahara ulikuwa florini (fedha ya huko wakati ule) 400 kwa mwaka. Aya moja ya mkataba huo inamweleza Haydn kuliko kurasa mbili za "kipaji cha pekee". Bach naye, alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723, katika miaka ya kwanza alikuwa akitoa kantata (utungo wa waimbaji na ala kwa ajili ya ibada) mpya karibu kila Jumapili: kutunga, kunakili nota za kila mwimbaji kwa msaada wa familia na wanafunzi, kufanya mazoezi, kisha kuimba, na hapo bado kuna wavulana wa shule wa kuwasimamia. Walimu wa kwaya hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kuhusu fedha, tafadhali msigeuze florini kuwa shilingi. Hakuna kiwango cha kubadilisha fedha kinachovuka miaka 230, na kila mwandishi hupata jibu lake. Linganisheni mtu na mtu wa wakati wake. Mwaka 1787 Kaisari Joseph II, huko Vienna, alimwajiri Mozart kwa florini 800 kwa mwaka; mtunzi Gluck, aliyekuwa na cheo hicho kabla yake, alilipwa 2,000. Msomaji atajionea mwenyewe. Umbali, kinyume chake, unageuzika vizuri. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, alisafiri kwa miguu kutoka Arnstadt hadi Lübeck kumsikiliza mpiga ogani Buxtehude, kiasi cha kilomita 400. Hiyo ni kama kutembea kutoka Mtwara hadi Masasi na kurudi. Likizo aliyopewa ilikuwa ya wiki nne. Alikaa karibu miezi minne, na wakuu wake wakamhoji aliporejea.

Sasa tufike kwenye ngano, maana hapo ndipo makala nyingi huharibika. Msiandike tu "inasemekana" mkapita. Jiulizeni habari imetoka wapi: kwenye hati ya wakati ule, kwenye kumbukumbu iliyosimuliwa baadaye, au kwenye tamthilia na filamu? Tunaambiwa watu husimama wakati wa "Haleluya" kwa sababu Mfalme George II wa Uingereza alisimama. Habari hiyo inaonekana kwanza katika barua ya mwaka 1780, zaidi ya miaka 35 baada ya tukio linalodaiwa, na hakuna hati ya wakati wenyewe inayoonyesha kwamba mfalme alikuwepo. Simameni mkipenda, lakini gazeti liseme hivyo. Mtunzi Salieri kumpa Mozart sumu ni uvumi uliokuzwa na jukwaa. Constanze mwenyewe alimpeleka mwanawe kwa Salieri akafundishwe muziki, jambo ambalo mjane hamfanyii mtu anayemdhania muuaji. Beethoven ana mkosi wa pekee: katibu wake, Anton Schindler, aliongeza maneno ya uongo kwenye daftari ambazo wageni walimwandikia mtunzi aliyekuwa kiziwi, na udanganyifu huo ulithibitishwa katika miaka ya 1970 tu. Kwa hiyo kauli yoyote ya Beethoven iliyopita kwa Schindler peke yake isiwekwe kwenye kichwa cha habari.

Daraja la kati, yaani kumbukumbu zilizosimuliwa baadaye, linahitaji uangalifu zaidi. Simfonia ya Haydn ya mwaka 1772, ambamo wanamuziki wanamaliza mmoja mmoja, wanazima mishumaa na kuondoka mpaka wanabaki wawili wa fidla, inasimuliwa kuwa ombi la wanamuziki waliotenganishwa na familia zao warudishwe nyumbani. Muziki wenyewe unathibitisha kwamba vyombo vinaacha kimoja kimoja. Sababu yake tumeipata kwa Haydn mwenyewe alipowasimulia waandishi wa maisha yake akiwa mzee. Isimulieni, ni tamu mno kuachwa, lakini semeni nani kasimulia na lini. Hivyohivyo Beethoven: kitabu cha ubatizo cha Bonn kinaonyesha tarehe 17 Desemba 1770, siku ya kuzaliwa haikuandikwa. Andikeni "alibatizwa". Kila aliyewahi kufuata cheti cha ubatizo parokiani ataelewa.

Ngano nyingine ni ya muujiza. Ni kweli Handel aliandika "Messiah", oratorio (masimulizi ya dini yanayoimbwa na kwaya na okestra) yenye ile "Haleluya", kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti 1741. Lakini ndivyo alivyokuwa akifanya kazi, na mara alipomaliza alianza oratorio nyingine, "Samson". Tena sehemu kadhaa alizichukua kwenye duweti (nyimbo za waimbaji wawili) za Kiitaliano alizotunga Julai ya mwaka huohuo. Korasi ya "Maana kwetu mtoto amezaliwa", tunayoifurahia Krismasi, ilitokana na duweti ya mapenzi. Hilo halimpunguzii Handel kitu. Oratorio hiyo iliimbwa kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka, kwa ajili ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 walifunguliwa. Wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete ndani na wanaume wasije na panga, ukumbi upate kuwatosha.

Msomaji wa pwani yetu, inayoifahamu Mikindani na Kilwa Kivinje kwa biashara ya watumwa, anastahili pia kuambiwa kwamba kumbukumbu za hisa zinamwonyesha Handel kuwa miongoni mwa waliowahi kushika hisa za Royal African Company, kampuni iliyouza watu. Sentensi moja inatosha. Isifichwe, wala isigeuzwe kuwa makala nzima.

Hapohapo linaingia lile dai linalozunguka kwenye simu kwamba Beethoven alikuwa Mwafrika. Ukoo wake unafuatika hadi eneo ambalo leo ni Ubelgiji, na hakuna hati inayounga mkono dai hilo. Linalokera ni kwamba waliokuwepo kweli wanaachwa. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake Nanon akiwa mtumwa wa asili ya Afrika. Aliongoza okestra Paris iliyozipiga kwa mara ya kwanza simfonia sita ambazo Haydn aliagizwa kuziandika kwa ajili ya jiji hilo. George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alitoka visiwa vya Karibi, alipiga pamoja na Beethoven sonata ya fidla namba 9, Vienna, tarehe 24 Mei 1803. Baadaye walikosana, na sonata ikatunukiwa mpiga fidla mwingine, Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Hapo pana makala nzima, na hati zipo.

Majina ya nyimbo yaandikwe kwa ukamilifu. "Ave Maria" peke yake haitoshi. Ile inayoitwa ya Bach ni muziki wa Bach wa kinanda wa mwaka 1722, ambao Mfaransa Gounod aliuwekea sauti ya juu zaidi ya karne moja baadaye. Ile ya Schubert, ya mwaka 1825, ilitungwa kwa shairi la Walter Scott, wimbo wa msichana katika hadithi. Maneno ya Kilatini yalipachikwa na wengine. Nao ule wimbo wa matarumbeta bibi harusi akiingia ni wa opera ya Wagner, "Lohengrin", ambamo ndoa inavunjika usiku uleule. (Msiwaambie maharusi.) Wekeni na namba ya orodha ya kazi za mtunzi: "Ave verum" ni K. 618. Msomaji atakayetafuta kwa simu ataipata mara moja badala ya kumaliza bando kwa kufungua video tano zisizo zenyewe. Ongezeni muda pia: hiyo ni kama dakika tatu, "Haleluya" kama nne.

Kama mtaanzisha mfululizo, tunashauri wa kwanza awe Enoch Sontonga, kwa kuwa hakuna Mtanzania asiyejua muziki wake, ambao ndio wa wimbo wetu wa taifa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, akawaandikia wanafunzi wake "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, kwa solfa, kama tunavyoandika sisi. Alifariki mwaka 1905. Kaburi lake lilipotea kwa miaka mingi. Daftari la makaburi ya Braamfontein lilikuwa limemwandika kwa jina la Enoch, si Sontonga. Kaburi hilo lilitambuliwa rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa tarehe 24 Septemba 1996. Wa pili awe Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Kazi yake ya mwaka 1898, "Hiawatha's Wedding Feast", aliiuza moja kwa moja kwa gini (fedha ya Kiingereza ya zamani) 15. Ikauzika sana, yeye asipate kitu zaidi, akafa na miaka 37.

Habari ya Coleridge-Taylor inatugusa kwa namna nyingine. Karatasi za nota zinazozunguka huku zimedurufiwa mara nyingi hadi ukingo wa juu umekatwa, na jina la mtunzi au mfasiri limekwenda nao. Muziki wa Handel hauna tena mwenye haki, lakini maneno ya Kiswahili yaliyowekwa juu yake ni kazi ya mtu, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe. Mkichapa beti, tajeni na aliyefasiri.

Kabla makala haijakwenda mitamboni, isomwe na watu wawili: mmoja anayesoma nota, mwingine asiyeimba kabisa. Wa kwanza atakamata namba na majina yaliyokosewa. Wa pili mwombeni aweke alama ya kalamu pale alipoanza kupiga miayo, mkate kuanzia hapo. Hata barua hii, ndugu Mhariri, mnaweza kuifanyia hivyo.

Walimu wa kwaya,
Masasi, Mtwara