Barua kwa mwanangu aliyeko Singida

Mpunguzi, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila mama yako mguu bado unamsumbua.

Juzi jioni yule mama mjane alikuja na simu mkononi, akaomba nimsomee ujumbe, maana macho yake siku hizi hayashiki herufi ndogo. Nikasoma: shilingi 380,000, na jina lako. Ni fedha ya zabibu zake za Machi, ile uliyopokea kwa mnunuzi ukaondoka nayo. Nilingoja aseme fedha yake imerudi. Alisema, "Kumbe yu hai." Akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya khanga.

Na mimi ulinitumia ujumbe wako: "Baba nimelipa, lakini usiniombee tena, mimi nimeshahukumiwa." Nimeona nikuandikie kwa karatasi.

Sitakwambia kwamba ulilofanya ni dogo. Ulimwibia mjane, na katika Kutoka 22 Mungu anasema waziwazi kwamba mjane akimlilia, atakisikia kilio chake. Wapo wanaohubiri rehema kana kwamba hukumu haipo. Mimi siwaelewi. Kama hakuna kosa lililohukumiwa, tunasamehewa nini?

Sikwambii haya nikiwa juu ya kichuguu. Mwaka mmoja wa njaa, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, nilikuwa mhazini wa kanisa letu. Nilichukua fedha ya ujenzi nikanunua mahindi. Moyoni nikasema nimekopa. Miezi minne niliikaribia Meza ya Bwana nikiwa na neno hilo, nimekopa, nimekopa, na usiku silali. Siku niliyomwendea mchungaji nikatamka "nimeiba", magoti yalinitetemeka. Aliniombea kwa upole sana, kisha kwa upole uleule akaniambia niende nikawaeleze wazee wa kanisa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nililichukia agizo lile. Lakini bila hilo ningekuwa nawakwepa wazee wale hadi leo, kama wewe unavyoikwepa Mpunguzi.

Mwanangu, fungua Mathayo 27. Yuda alijuta. Alikiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, na vile vipande 30 vya fedha alivirudisha vyote. Lakini alivipeleka kwa makuhani, watu ambao hawakujali, wakamwambia hayo ni yako mwenyewe. Kwa Yesu, aliyekosewa naye, hakurudi. Akajihukumu peke yake, akajinyonga. Hapo ndipo ninapokuogopea, na ndiyo maana mkono wangu unatetemeka nikiandika.

Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohana hakuusahau moto ule. Katika sura ya 21, Yesu aliyefufuka yuko ufukweni, na mbele yake tena kuna moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Anamlisha Petro kwanza. Halafu anamuuliza mara tatu: wanipenda? Petro akahuzunika, kwa sababu aliulizwa mara ya tatu. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi na bado inanichoma. Bwana alimrudisha palepale penye makaa, akaligusa kosa lenyewe, na hapohapo akamkabidhi kondoo wake. Hukumu na rehema zilikaa kwenye moto mmoja.

Tena Yohana 5 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Atakayekuhukumu wewe ana makovu ya misumari mikononi. Kwa hiyo usijiandikie hukumu huko Singida kwenye chumba cha kupanga, mwanangu. Kiti hicho si chako.

Fedha umerudisha, nashukuru Mungu. Sasa rudi wewe. Zabibu zake za mavuno haya ya pili zimeanza kuiva na hana wa kumbebea makreti. Ukishuka kituoni usianzie kwetu, hata kama mama yako atakasirika, anzia kwake. Litamke lile neno lenyewe, "nimeiba". Nitumie siku tu. Nitakungoja kituoni, tutakwenda pamoja hadi kwenye ua wake, halafu utaingia mwenyewe, na mimi nitakuwa hapo nje.

Baba yako.