Si kila mlowezi wa Kijerumani alitumwa na Kaisari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya historia iliyotoka hivi karibuni katika gazeti lako, ambamo mwandishi alidai kwamba Mjerumani wa karne ya 19 aliyehamia koloni la mbali alikwenda huku bunduki ya serikali yake ikimtangulia. Kwetu sisi tuliosimuliwa na wazee habari za Pangani na Kilimanjaro, dai hilo ni rahisi kuliamini. Lakini haliwahusu Wajerumani waliotua Australia Kusini mwaka 1838, kwa kuwa hao waliikimbia serikali yao, na koloni walilolikimbilia lilikuwa la Mwingereza.

Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prusia, dola la Kijerumani la wakati huo, alianza mwaka 1817 kuwaunganisha Walutheri na Wakalvini katika kanisa moja, na kuanzia mwaka 1830 akashurutisha kitabu kimoja cha ibada. Asiye Mlutheri anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo, ila kwa washarika wale maneno yanayotamkwa juu ya mkate na divai ndiyo yaliyokuwa imani yenyewe. Wachungaji waliokataa walivuliwa kazi, baadhi wakafungwa, na waumini wakawa wanasali kwa kujificha. Mchungaji wa kijiji cha Klemzig, August Kavel, alisafiri kutafuta pa kuwapeleka watu wake, akakutana na George Fife Angas, mwenyekiti wa Kampuni ya Australia Kusini, ambaye alikubali kuwakopesha nauli. Angas alikuwa mcha Mungu, na wala simtilii shaka, lakini alikuwa pia mfanyabiashara katika koloni lenye ardhi ya kuuza na upungufu wa wakulima, na mkopo wake ulitozwa riba. Kabla ya kuondoka, wakimbizi hao walizungushwa na wakuu wa Prusia kwa muda mrefu juu ya hati za kusafiria.

Meli yao mojawapo, Zebra, iling'oa nanga Altona mwezi Agosti 1838 ikafika mwishoni mwa Desemba, baada ya kuzika baadhi ya abiria baharini. Nahodha wake, Dirk Hahn, angeweza kuwashusha na kugeuza meli. Badala yake aliwahangaikia ardhi milimani, karibu na Mount Barker, nao mwaka 1839 wakakiita kijiji chao kipya Hahndorf kwa heshima yake. Wanawake na mabinti wa kijiji hicho walitembea usiku kucha, zaidi ya kilomita 25, wakiwa wamebeba siagi, mayai na mboga, ili alfajiri iwakute kwenye soko la Adelaide. Mama zetu wanaoteremka na ndizi gizani kuwahi soko hawahitaji kuelezwa safari hiyo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaowasifu walowezi hao kana kwamba waliikuta nchi tupu. Mahali pa Hahndorf palikuwa pa Waperamangk, wenyeji wa asili wa milima hiyo, nao walipaita Bukartilla. Hati ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1836 ilitamka wazi kwamba wenyeji wa koloni hilo wasinyang'anywe haki ya kukaa na kunufaika na ardhi yao, na haikufuatwa. Wajerumani hawakufyatua risasi kuipata ardhi hiyo. Waliipata kwa Waingereza walioinunua kwa serikali yao, na mwenye nchi hakuulizwa na muuzaji wala mnunuzi. Mtu aliyeonewa kwao anaweza kunufaika na uonevu wa mwenzake ugenini bila kushika silaha, na hilo ndilo makala yenu isingeweza kulionyesha, kwa kuwa ilimjua Mjerumani wa bunduki tu.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Machame. Mwaka huohuo wa 1838 Chama cha Misheni cha Dresden kiliwapeleka Adelaide wamisionari Schürmann na Teichelmann, ambao walijifunza Kikaurna, lugha ya wenyeji wa asili wa eneo la Adelaide, wakafungua shule iliyofundisha kwa lugha hiyo, na mwaka 1840 wakachapisha sarufi na msamiati wake. Serikali ya koloni iliifunga shule hiyo mwaka 1845 ikataka watoto wafundishwe Kiingereza. Leo Wakaurna wanaoifufua lugha yao wanategemea sana kitabu hicho. Chama hicho cha Dresden ndicho kilichohamia Leipzig, na ndicho kilichokuja kwetu mwaka 1893.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, wajukuu wa wakimbizi hao waligeuzwa maadui. Shule zao za Kilutheri zilifungwa mwaka 1917, na majina 69 ya Kijerumani yakafutwa kwenye ramani: Hahndorf ikaitwa Ambleside, na Klemzig yao ya Australia, iliyopewa jina la kijiji chao cha Prusia, ikaitwa Gaza. Majina hayo mawili yalirudishwa mwaka 1935.

Ikiwa mwandishi wenu ataendelea na mfululizo wake, ninamwomba atenge sehemu moja kwa ajili ya Australia Kusini, na aianze na Waperamangk na Wakaurna kabla hajaifikisha Zebra bandarini.

Msomaji wako,
Machame, Kilimanjaro