Mkwamba hauko hatarini, na majina yake mawili ni ya mmea mmoja

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi ya kusahihisha maelezo juu ya mkwamba, kichaka cha mwituni chenye matunda madogo meupe, yaliyomo katika makala ya gazeti lako kuhusu matunda ya mwituni ya Unguja, kwa kuwa walimu wetu wengi huyachukua yanayoandikwa gazetini na kuyafundisha darasani kama yalivyo.

Makala ilidai kwamba mkwamba unaelekea kutoweka, na ikayataja majina yake ya kitaalamu, Securinega virosa na Flueggea virosa, kana kwamba ni mimea miwili, mmoja wao ukiwa adimu. Mmea ni mmoja. Mwaka 1984 Grady Webster, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliipitia upya jenasi (kundi la mimea yenye udugu wa karibu) ya Flueggea na kuuweka mkwamba humo, na jina la Securinega likabaki kuwa la zamani, ingawa bado linaonekana katika maandishi mengi ya tiba za asili. Familia nayo si ile tena: mkwamba ulikuwa ukihesabiwa pamoja na mhogo katika Euphorbiaceae, lakini mfumo wa uainishaji wa APG, kundi la kimataifa la wataalamu wa mimea, wa mwaka 2003 unauweka katika Phyllanthaceae. Ushahidi mkubwa ni wa vinasaba. Hata hivyo, asiye na maabara akikata kijiti cha mhogo ataona utomvu mweupe, ambao mkwamba hauna.

Kuhusu kutoweka, Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, haiuhesabu mkwamba miongoni mwa mimea iliyo hatarini, nami sioni pa kubishia. Umeenea Afrika na Asia hadi Australia. Ndege hula matunda yake meupe na kutawanya mbegu. Na huku kwetu maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, konde likiachwa lipumzike, mkwamba huwa miongoni mwa vichaka vya mwanzo kurudi. Huko Florida, Marekani, ulikofikishwa na watu, unahesabiwa kuwa mmea vamizi. Mwandishi anasema aliona vichaka vingi visivyo na tunda hata moja, akahitimisha kwamba mmea unadhoofika. Mkwamba una dume na jike, kila mmoja na shina lake, na dume halizai hata likitunzwa vipi. Huenda ndiyo hayo aliyoyaona.

Simaanishi kwamba maweni yafyekwe na kuchomwa ovyo, maana humo mna mimea isiyo na wepesi wa mkwamba. Lakini tukilia juu ya kila kichaka, nani atatusikiliza tutakapoutaja mpapindi, mnazi-pori wa Pemba ambao kwa asili hauoti kwengine kokote duniani na ambao ngome yake kubwa ni msitu wa Ngezi? Kwa mmea wa namna hiyo, kupotea kisiwani ni kupotea kabisa.

Ninaomba gazeti lichapishe masahihisho, na makala ijayo itenganishe waziwazi hali ya mmea duniani na hali yake hapa Visiwani, kwa kuwa mmea wa mwituni kama mkwamba, mtunda au mkone unaweza kuwa salama Bara na ukawa haba Unguja, na jambo hilo linataka kuhesabiwa na watu wa misitu.

Msomaji wako,
Makunduchi, Unguja