Barwon: jimbo kubwa kama Ujerumani, mbunge mmoja

Mhariri salamu, huku New South Wales, Australia, kuna jimbo la uchaguzi la bunge la huku linaitwa Barwon, lilianzishwa kwa mara ya kwanza 1894, ukubwa wake unakaribia Ujerumani nzima afu mbunge ni mmoja tu! Toka Narrabri mpaka Broken Hill utachoka barabarani. Chama cha Nationals kilishika kiti toka 1950 wakajisahau, samaki kibao wakafa mtoni Darling kule Menindee Januari 2019, watu wakakasirika na Machi hiyohiyo wakampa Roy Butler wa chama cha wawindaji na wakulima, baadae akajitoa chamani na 2023 akashinda tena kama mgombea binafsi. Mi nasema waongezewe hata ofisi za mbunge, mji wa Bourke humo jimboni si karibu jamani.